Ramu ya bei nafuu ya supamaketi: Ni mabaki, au ni jina tu lililobadilishwa?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA rafu za vinywaji za supamaketi nyingi za Uingereza, mara nyingi chini kabisa, karibu na miguu ya mnunuzi, husimama chupa za ramu ambazo hazina jina la kiwanda chochote. Jina lililoandikwa juu yake ni la duka lenyewe, au ni jina la kubuni lenye picha ya jahazi, nahodha au mnazi, ambalo ukilifuatilia utabaini kuwa mmiliki wake ni duka hilo hilo.

Bidhaa zenye nembo ya duka si jambo geni. Sukari, majani ya chai, sabuni na mafuta ya kupikia huuzwa kwa mtindo huo, na wanunuzi huzikubali bila maswali mengi. Inapofika zamu ya pombe kali, hata hivyo, watu hugawanyika. Wapo wanaoamini kuwa chupa ya namna hiyo imejaa mabaki yaliyokataliwa na wenye majina makubwa. Wapo pia wanaoapa kuwa kinywaji ni kile kile cha bei ya juu, ila kimevikwa lebo nyingine. Madai yote mawili yamerudiwa mno hadi yakapata heshima ya ukweli, ilhali kila moja lina punje tu ya ukweli huo.

Hivi karibuni chupa moja ya ramu nyeusi ya aina hiyo ilifika katika chumba chetu cha habari, ikiwa zawadi kutoka kwa mwenzetu aliyetoka safarini Uingereza. Jina la duka halitatajwa hapa, kwa kuwa nia ya makala haya si kumtangaza wala kumchafua mfanyabiashara yeyote, bali ni kueleza namna ambavyo kinywaji cha bei ya chini kinaweza kupimwa kwa haki. Wala hayamshawishi asiyekunywa aanze kunywa. Yeye anaweza kuyasoma kama anavyosoma habari za mbio za magari bila ya kuwa dereva.

Kazi ya kuipima chupa huanza kabla kizibo hakijafunguliwa. Lebo, hata iwe ya ujanja namna gani, hulazimika kusema mambo machache ya kweli, na mambo hayo yana maana kubwa kuliko picha ya jahazi.

Kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu vinywaji vikali, ambayo Uingereza iliirithi ilipojitoa katika umoja huo, ramu hutokana na miwa pekee. Malighafi yake ni ama maji ya miwa, ama molasi, yaani ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani baada ya sukari kuganda na kutolewa. Anayeishi karibu na Kilombero, Mtibwa au Kagera anaijua molasi kwa harufu kabla hajaiona. Huongezwa maji na hamira, huachwa ichachuke, kisha hukenekwa, maana yake huchemshwa na mvuke wake ukapoozwa na kukusanywa. Kinachopatikana hakiruhusiwi kuongezwa kilevi cha asili nyingine wala kutiwa ladha, na hakiwezi kuuzwa kwa jina la ramu kikiwa na kilevi pungufu ya asilimia 37.5 ya ujazo.

Kwa hiyo, dai la kwanza, kwamba ramu ya bei nafuu ni spiriti yoyote iliyopakwa rangi, haliwezi kuwa sahihi kwa chupa iliyoandikwa neno "ramu" peke yake na kuuzwa kihalali. Hata hivyo, jicho lazima liwe kali. Chupa za jirani zilizotiwa vanila na viungo, ambazo baadhi yake zina asilimia 35 tu, kisheria haziitwi ramu bali kinywaji kikali chenye asili ya ramu, na maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Nchini Ujerumani ipo pia bidhaa iitwayo Rum-Verschnitt, ambayo inatakiwa kuwa na angalau asilimia 5 ya kilevi chake kinachotokana na ramu. Kilichosalia kinaweza kuwa cha asili nyingine.

Chupa yetu iliandikwa ramu bila nyongeza, ikiwa na asilimia 37.5 kamili, pungufu hata ya tone isingeruhusiwa. Lebo yake ilieleza kuwa ni mchanganyiko wa ramu za Karibiani, bila kutaja nchi hata moja. Umri haukutajwa. Rangi, ilikiri, imerekebishwa kwa karameli.

Maneno hayo manne yanatosha kueleza karibu habari yake yote.

Tuanze na hilo la Karibiani. Msomaji anaweza kudhani kuwa duka linaficha aibu, lakini biashara ya ramu ya jumla imeendeshwa hivyo kwa karne nyingi. Viwanda vya Guyana, Trinidad, Jamaika, Barbados na kwingineko huuza sehemu kubwa ya ramu yao bila chupa, katika matangi. Huko Amsterdam iko kampuni iitwayo E&A Scheer, iliyoanzishwa mwaka 1712, ambayo kazi yake ni kununua ramu za namna hiyo, kuzichanganya kwa kipimo anachotaka mteja, na kumuuzia mwenye nembo asiye na mtambo wake. Miongoni mwa wateja wa biashara ya aina hii wamo wenye majina yanayoheshimiwa sana. Hapo ndipo lilipo chimbuko la dai la pili, kwamba ni kinywaji kile kile: matangi yanaweza kweli kuwa ya kiwanda kimoja. Lakini kutoka katika matangi hayo mteja mmoja huchagua ramu ya miaka minane na mwingine huchagua ya miaka miwili, kwa hiyo kushiriki ghala si kushiriki kinywaji.

Tofauti kubwa zaidi huzaliwa katika mtambo. Mtambo wa chungu, ambao ndio wa zamani, hukeneka kidogo kidogo na huacha ndani ya kinywaji vitu vingi vyenye harufu. Mtambo wa mnara, uliopewa hataza kwa jina la Aeneas Coffey mwaka 1830 mjini Dublin, hufanya kazi mfululizo bila kupumzika, hutoa kilevi kikali zaidi na kisafi zaidi, na kwa gharama ndogo. Usafi huo una bei yake: kadiri kilevi kinavyokaribia asilimia 96, ndivyo kumbukumbu ya muwa inavyotoweka. Ramu nyepesi ya mnara ndiyo hujaza sehemu kubwa ya chupa za bei ya chini.

Wachanganyaji wanajua dawa yake. Huichukua ramu hiyo nyepesi na kuitia kiasi kidogo cha ramu nzito ya chungu, kama vile mpishi anavyotia hiliki katika sufuria kubwa la chai. Jamaika ndiyo mabingwa wa ramu hizo nzito. Katika kiwanda cha Hampden, kilichopo jimbo la Trelawny, hutengenezwa ramu yenye esta, ambazo ni kemikali zinazotoa harufu ya matunda, hadi kufikia gramu 1,600 kwa kila hektolita ya kilevi halisi. Ramu hiyo ikinuswa peke yake humfanya mtu arudi nyuma, kwani hunuka nanasi lililooza na gundi. Tone lake katika pipa la ramu dhaifu, hata hivyo, huamsha pipa zima.

Kuhusu umri, kanuni ni fupi: umri ukiandikwa katika soko la Ulaya, lazima uwe wa ramu changa kuliko zote zilizomo chupani. Duka lisilotaja umri kwa kawaida halina umri wa kujivunia. Lakini wenye bei kubwa nao wasitoke bila kuulizwa. Ramu ya Zacapa kutoka Guatemala, kwa mfano, hubeba namba 23 mbele ya chupa, na wanunuzi wengi huisoma kuwa ni miaka 23, ilhali watengenezaji wenyewe hueleza kuwa ni mchanganyiko wa ramu za kati ya miaka 6 na 23. Chupa ya duka inayonyamaza, kwa maoni ya mwandishi huyu, ina adabu zaidi kuliko namba inayozungumza nusu.

Rangi ndiyo huwadanganya wengi. Ramu yoyote hutoka mtamboni ikiwa nyeupe kama maji. Ikilala katika pipa la mbao ya mwaloni hupata rangi ya dhahabu, na baadaye ya kahawia, lakini weusi ule wa kahawa tunaouona katika ramu nyeusi za Uingereza kwa sehemu kubwa ni kazi ya karameli. Upo pia upande wa pili: ramu nyeupe inaweza kuwa imelala pipani miaka kadhaa, kisha ikachujwa kwa mkaa hadi rangi ikatoweka, utaratibu ambao kampuni ya Bacardi, iliyoanzishwa Santiago de Cuba mwaka 1862, iliutumia kujijengea jina. Nyeusi si lazima iwe mzee, wala nyeupe si lazima iwe mtoto.

Waingereza wanaupenda weusi huo kwa sababu za kihistoria. Mabaharia wa jeshi lao la majini walipewa mgawo wa ramu kila siku hadi Julai 31, 1970, ulipofutwa. Kipimo cha mwisho kilikuwa moja ya nane ya painti, yaani takriban mililita 71, yenye kilevi cha asilimia 54.5. Kazi za mizinga na mitambo ya kisasa hazikuweza tena kuvumilia desturi hiyo. Mgawo ulikufa, lakini sura yake ilibaki madukani, na chupa ya duka huiga sura hiyo kwa njia rahisi kuliko zote.

Baada ya lebo, hesabu. Hapa ndipo mwandishi alipopata mshangao, kwani bei ya chupa Uingereza haielezi thamani ya kinywaji kwa namna ambayo mnunuzi wa kawaida anaidhania.

Kwa kiwango kilichoanza kutumika Februari mosi, 2025, ushuru wa pombe kali nchini humo ulikuwa paundi 32.79 kwa kila lita ya kilevi halisi. Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 37.5 ina lita 0.2625 ya kilevi halisi, hivyo hutozwa paundi 8.61. Juu ya hapo kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 20. Tuseme basi chupa inauzwa paundi 14. Kodi hiyo huchukua paundi 2.33, ushuru huchukua 8.61, na kinachobaki ni paundi 3.06. Katika paundi hizo tatu na senti sita lazima zitoke gharama za chupa ya kioo, kizibo, lebo, meli, lori, mshahara wa mfanyakazi wa duka, faida ya mwenye duka, na ramu yenyewe.

Sasa tuchukue chupa yenye jina, ya asilimia 40, inayouzwa paundi 20. VAT ni paundi 3.33, ushuru 9.18, na kinachobaki ni paundi 7.49. Mnunuzi ameongeza paundi sita tu mfukoni, lakini fedha iliyobaki kwa ajili ya kinywaji na safari yake imekuwa zaidi ya mara mbili. Ni kweli kwamba sehemu ya nyongeza hiyo huishia katika matangazo na chupa yenye mapambo. Hata hivyo, palipo na paundi saba pana nafasi ya kulipia miaka michache ya pipa. Palipo na tatu nafasi hiyo ni finyu, hasa ikizingatiwa kuwa katika joto la Karibiani pipa hupoteza kwa mvuke kiasi cha asilimia 6 au zaidi kwa mwaka, wakati Scotland hupoteza takriban 2.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini chupa za bei ya chini hugandamana na asilimia 37.5. Kushuka kutoka asilimia 40 huokoa senti 57 za ushuru, na ukijumlisha VAT yake hufika takriban senti 69. Kwa mwenye paundi tatu, hizo si senti za kuchezea. Pengo hujazwa maji.

Kabla ya kuonja, kuna jambo ambalo haifai kulipita haraka, kwa kuwa linagusa uhai. Ulimi unaweza kutofautisha ramu nzuri na mbaya, lakini hauwezi kutofautisha ramu salama na yenye sumu. Methanoli, ambayo ni kilevi cha viwandani kinachopofusha na kuua, haina ladha wala harufu ya kumshtua mnywaji, na ile imani ya kuwasha pombe moto ili kutazama rangi ya mwali si kipimo cha kutegemewa. Miwa inapochachuka kihalali hutoa methanoli kidogo mno. Maafa hutokea pale mtu anapoiongeza kwa makusudi ili kupunguza gharama. Nchini Kenya makumi ya watu walipoteza maisha Mei 2014, na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe iliyochafuliwa. Novemba mwaka huo huo watalii sita walifariki nchini Laos, baada ya kunywa katika mji wa Vang Vieng pombe iliyodhaniwa kuwa na methanoli.

Ni muhimu kuelewa kuwa hatari hiyo haitokani na bei pekee, bali na kutojulikana kwa asili. Chupa ya duka kubwa ina anwani: ikidhuru mtu, mwenye nembo anajulikana na anashtakika. Kwa upande wa nchi zetu, Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi za kielektroniki kwa vinywaji vikali Januari 15, 2019, na Kenya ina programu ya simu ya Soma Label kwa ajili ya kukagua stempu. Chupa isiyo na stempu, au yenye kizibo kilichowahi kufunguliwa, haistahili kufika katika hatua ya kuonjwa. Aliyekunywa pombe asiyoiamini, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa au kutapika kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitali mara moja na asiachwe alale.

Tukirudi mezani, mahitaji ya kuonja ni machache: glasi ndogo iliyobana mdomoni, karatasi nyeupe, na maji safi yasiyo baridi. Barafu iwekwe mbali, kwani baridi huficha makosa, na ndiyo sababu ya wauzaji wa ramu mbaya kuipenda. Mimina kiasi cha mililita 25, kisha iache itulie kwa muda wa kama dakika kumi. Usiizamishe pua ndani ya glasi. Ikaribie polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, ili ukali wa kilevi usikuchome na kukunyima hayo mengine.

Ukiionja mara ya kwanza usitoe hukumu, kwa sababu ulimi bado unashtuka. Tone la pili ndilo shahidi. Baada ya hapo ongeza maji. Wachanganyaji wa viwandani hupunguza sampuli zao hadi takriban asilimia 20 ya kilevi kabla ya kuzinusa, kwa kuwa maji huifunua harufu iliyofunikwa na kilevi. Ramu iliyojengwa vizuri hubaki imesimama hata ikiwa nusu maji. Dhaifu huporomoka.

Zipo pia njia mbili za kienyeji ambazo hazigharimu chochote. Ya kwanza ni kupaka matone mawili katika viganja na kuvisugua hadi kilevi kiruke, kisha kunusa kilichobaki. Ya pili ni kuiacha glasi tupu usiku kucha na kuinusa asubuhi. Pipa la kweli huacha harufu ya mbao na vanila. Sukari iliyoongezwa huacha kunata.

Suala la sukari linastahili neno la ziada. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Mei 25, 2021, inaruhusu ramu kuwa na hadi gramu 20 za utamu wa kuongezwa kwa lita. Katika chupa moja hizo ni gramu 14, sawa na vijiko vya chai vitatu na nusu. Shirika la serikali linalouza pombe nchini Finland, Alko, huchapisha kiwango cha sukari cha kila kinywaji, na anayepitia orodha yake atagundua kuwa utamu wa kutiwa haujabagua matajiri na maskini. Ramu inayosifiwa kuwa "laini" mara nyingine ni ramu iliyotiwa sukari na kulipiwa mara tatu.

Chupa yetu, ikishikwa mbele ya karatasi, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni. Ilipomiminwa ilianza kwa ukali wa rangi ya kucha, dalili ya ujana. Baada ya dakika kumi ukali ulipungua na ikajitokeza sukari guru, vanila kidogo na ndizi iliyoiva kupita kiasi, ishara kwamba mchanganyaji alikumbuka kutia tone la Jamaika au la jirani yake. Harufu, kwa ufupi, ilikuwa nzuri kuliko tulivyoitarajia.

Mdomoni mambo yalikuwa mengine. Mwanzo ulikuwa mtamu ncha ya ulimi, na mwisho ulikuwa na uchungu mwembamba unaofanana na sukari iliyoungua, lakini katikati, mahali ambapo ramu hupaswa kueleza imetoka wapi, palikuwa na uwazi. Haikuwa mbaya, bali nyembamba. Koo liliwaka kidogo na moto ukazimika haraka bila kuacha kumbukumbu. Ilipoongezwa maji nusu kwa nusu, harufu ya ndizi iliondoka kabisa na kubaki utamu hafifu wa maji ya peremende. Glasi ya asubuhi haikunata, na hilo ni la kuipongeza, ila haikuwa na mbao yoyote ya kuzungumzia.

Kwa ajili ya ulinganisho tuliweka pembeni ramu yenye jina, ya daraja la kati, na kutumia jaribio la pembetatu, ambalo hutumiwa na wapimaji wa vyakula na limewekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 4120. Mwonjaji hupewa glasi tatu, mbili zenye kinywaji kimoja na moja yenye kingine, bila kuambiwa, naye huulizwa ni ipi iliyo tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja kati ya tatu. Ramu zilipotolewa tupu, waonjaji wetu wote watatu waliitambua iliyo tofauti. Zilipochanganywa na soda ya kola, mmoja tu alipatia. Watu watatu si utafiti, lakini kola inajulikana tangu zamani kwa ukarimu wake wa kusitiri.

Soda kali ya tangawizi haikusitiri kiasi hicho. Badala yake iliijaza chupa ya duka pale palipokuwa na uwazi, na kipande cha ndimu kikaukata uchungu wa karameli. Katika hali hiyo tuliipa alama 7 kati ya 10. Ikiwa tupu ilipata 4, na ya nne hiyo ni kwa ajili ya harufu. Katika keki ya matunda, ambayo mmoja wetu aliioka mwishoni mwa wiki, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutamani chupa ya bei kubwa zaidi.

Kwa hiyo, kwa paundi 14, na kwa mtu anayechanganya, chupa ile inastahili fedha yake, mradi asidanganyike kuwa amepata kwa nusu bei kile ambacho jirani amelipia kamili. Hali ni tofauti huko Scotland. Tangu Septemba 30, 2024 kila uniti ya pombe, ambayo ni mililita 10 za kilevi halisi, haiuzwi huko chini ya senti 65, na kwa chupa kama yetu hiyo ni zaidi kidogo ya paundi 17. Nyongeza hiyo si kodi: zaidi ya sehemu ya VAT, hubaki mikononi mwa wauzaji, na ramu iliyomo chupani haibadiliki hata kidogo. Pakiwa na tofauti ya paundi tatu tu kati yake na chupa ya paundi 20, ningeiacha pale pale chini ilipo.